Uvimbe wa Shingo na Adabu ya Kuuliza

Katika mwili wa binadamu hapana njia nyembamba yenye msafara mkubwa kama shingo. Pumzi hupita hapo kwenda mapafuni. Chakula hupita hapo kwenda tumboni. Damu hupanda hapo kwenda ubongoni na kuteremka tena. Sauti huzaliwa hapo. Na amri zote za kichwa kwa mikono na miguu hushuka kwa njia hiyo hiyo. Kiungo kinachoweza kuzungukwa kwa viganja viwili kimebeba dhamana ya uhai mzima. Lugha yetu imelijua jambo hili tangu kale. Mswahili hasemi tu kuwa mtu amekabwa koo. Husema amekabwa roho, kana kwamba koo na nafsi hukaa nyumba moja. Akikubali neno pasipo ridhaa, hulikubali shingo upande. Basi si ajabu kuwa uvimbe ambao ungetokea mgongoni usingalijaliwa, ukitokea shingoni humnyima mtu usingizi.

Nimefanya kazi ya utabibu kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu yake katika nyanda za juu na sehemu yake pwani, na shingo nilizozigusa katika miaka hiyo siwezi kuzihesabu. Nataka kusema katika insha hii jambo moja ambalo kazi hiyo imenifundisha. Nalo ni kwamba kuujua uvimbe usio wa kawaida ni kazi ya maswali kabla haijawa kazi ya kisu, na kwamba swali zuri huhitaji lugha nzuri. Nalisema mbele ya wanafunzi na wanazuoni wa lugha, si mbele ya matabibu peke yao, kwa sababu ambayo itaonekana kadiri maneno yatakavyoendelea.

Kiswahili si fukara wa majina ya maradhi ya mahali hapa. Rovu ni uvimbe wa mbele ya shingo, unaojulikana zaidi na watu wa milimani kuliko watu wa pwani. Mafindofindo ni tezi mbili za pande za koo zinapovimba na kuuma. Matubwitubwi, ambayo wengine huyaita perema, huvimbisha mashavu ya watoto chini ya masikio. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho hulaumiwa kwa makosa mengi ambayo hakikuyatenda. Jipu linajulikana na kila mtu. Kila jina katika haya ni hukumu: alitajaye amekwisha kusema ugonjwa ni nini, na dawa hulifuata jina. Huo ndio uzuri wa jina, na hiyo ndiyo hatari yake. Jina lililotolewa kwa haraka ni kama kifuniko cha chungu. Likishawekwa, hakuna atazamaye tena kinachochemka ndani.

Lakini liko jina jingine ambalo nalipenda kuliko yote, kwa kuwa ndani yake mna hoja. Nalo ni mtoki. Mtoto akipata mtoki kinenani, mama yake, hata awe hakuingia shule siku moja, humwambia, "Hebu nione mguu wako." Ajua kwamba uvimbe uko kinenani, lakini ugonjwa uko katika kidole kilichochomwa na mwiba. Nathubutu kusema kuwa mwanamke huyo ameshika ufunguo wa nusu ya elimu ya uvimbe wa shingo. Shingo ina tezi za namna hiyo zipatazo 300, nazo hupokea taka za ngozi ya kichwa, za masikio, za pua, za meno, za ulimi na za koo. Na zile zilizo juu ya mtulinga hupokea habari za mbali zaidi, za kifua na za tumbo. Kwa hiyo uvimbe wa shingo mara nyingi ni barua tu, na mwandishi wake yuko mahali pengine. Tabibu aichanaye barua pasipo kumtafuta aliyeiandika hajafanya kitu.

Uvimbe huulizwaje, basi? Swali la kwanza ni la wakati: umeanza lini? Walimu wetu walikuwa na kanuni nyepesi ya saba tatu. Uvimbe wa siku saba huwa aghalabu ni wa moto, yaani maambukizo. Uvimbe wa miezi saba utiliwe shaka ya saratani. Uvimbe wa miaka saba yamkini mtu alizaliwa na asili yake. Kanuni hii si sheria, na mara nyingi huvunjwa na maradhi yenyewe, lakini humzuia mwanafunzi asiwe na pupa. Swali la pili ni la maumivu, na hapa watu wengi hukosea, kwani hudhani kuwa kisichouma hakidhuru. Jipu huuma sana na huisha. Saratani mara nyingi huanza kimya kimya, kama mgeni mwenye adabu, ikasema haja yake baadaye.

Swali la tatu ni la mahali na mwendo, na hili huulizwa kwa vidole. Mwambie mgonjwa ameze mate. Uvimbe ukipanda pamoja na kongomeo, huenda umetoka katika tezi ile ya mbele ya koo ambayo matabibu huiita thairoidi. Mwambie atoe ulimi. Uvimbe wa katikati ukipanda ulimi unapotoka, umefungamana na njia ya kale ambayo tezi hiyo iliipita mtoto alipokuwa tumboni. Maana thairoidi huanza katika shina la ulimi, kisha huteremka mpaka mahali pake, na pengine huacha nyuma mfuko wa maji. Mwaka 1920 mpasuaji wa Marekani, Walter Sistrunk, alionyesha kuwa mfuko huo ukitolewa peke yake hurudi, na kwamba hauna budi kutolewa pamoja na kipande cha katikati cha kijifupa kilicho chini ya ulimi. Mtie mtoto mchanga kurunzi nyuma ya uvimbe laini wa shingo katika chumba chenye giza. Ukiwaka kama taa ya karatasi, ndani mna maji matupu. Mwambie mpiga tarumbeta apulize mashavu akiwa amefunga mdomo. Uvimbe ukijaa, una hewa. Ama uvimbe unaosogea kulia na kushoto bali haukubali kupanda wala kushuka, nao unadunda kama moyo, usiuguse kwa sindano wala kwa kisu. Huo umekaa juu ya njia panda ya mshipa mkuu wa damu, na autobolaye kwa haraka atajuta kabla hajapata kitambaa cha kufutia damu.

Msomaji ataona kuwa katika mambo haya hapana hata moja lililohitaji mashine. Sizidharau mashine, altrasaundi, picha za matabaka, sindano nyembamba na hadubini zimeokoa watu wengi. Lakini mashine hujibu swali iliyoulizwa, na asiyejua kuuliza hupata jibu la swali la mtu mwingine.

Nitatoa mfano. Zamani aliletwa kwetu binti wa miaka kumi na minne, mwenye kitu chekundu cha mviringo nyuma ya ulimi, ukubwa wa komamanga changa. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu asemaye na tonge la moto kinywani. Jamaa zake walikwisha kusikia kwingine kuwa ni findo lililozidi, na kwamba likatwe tu. Walikuja kwetu kutaka kisu, na walitushangaa tulipokiweka mbali. Muuguzi mkuu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na subira ya udongo, alimkalisha binti karibu naye akamwuliza maswali ambayo hayakuhusu koo hata kidogo. "Mwanangu, wenzako wakiota jua wewe wasikia baridi? Choo wapata kwa siku ngapi? Shuleni wasinzia?" Majibu yote yalikuwa ndiyo, tena kwa taabu. Tukaigusa shingo mbele: palikuwa patupu. Tukaitazama kwa altrasaundi: patupu vile vile. Tezi ya thairoidi ya binti yule haikuteremka kamwe. Ilibaki pale pale katika shina la ulimi ilikoanzia, nayo ilikuwa ndiyo tezi yake ya pekee. Ikitolewa, angalipoza uchangamfu wote wa mwili, na angalihitaji dawa kila siku ya maisha yake katika kijiji ambacho dawa hufika na kukosekana. Alipewa vidonge vya kuisaidia tezi ile isijitutumue, na kwa muda wa miezi bonge likanywea, sauti ikafunguka. Kisu hakikutumika. Maswali matatu ya mama mtu mzima yalifanya kazi ambayo kisu kingaliiharibu.

Mfano huu hunikumbusha mambo ya kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto akikohoa siku nyingi, au asipotaka kunyonya, husemwa ana kimeo, na kimeo hukatwa. Sitaki kuwacheka wazee wanaofanya hivyo, kwa sababu hoja yao ina mwanzo mzuri: waliona kitu kinachoning'inia karibu na njia ya kikohozi, wakakishuku. Ila walikomea hapo. Hawakuuliza kama kikohozi huisha kimeo kinapokwisha. Mtoto mwenye homa ya mapafu au kifua kikuu huendelea kukohoa baada ya kukatwa, akiwa ameongezewa jeraha linaloweza kutoka damu nyingi au kuingia pepopunda. Kimeo kina msiba wa jirani wa mwizi: hupigwa kwa kuwa ndiye aliyeonekana.

Kinyume cha tabia hiyo ni historia moja iliyotokea karibu na kwetu, nayo yastahili kusimuliwa kwa wanafunzi kila mwaka. Mwaka 1957 mpasuaji Denis Burkitt, katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jambo hilo halikufanana na ugonjwa wowote aliousoma, kwani jipu wala saratani ya kawaida haitokei pande nne kwa pamoja. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile huko Jinja. Angaliweza kuandika jina lolote na kuendelea na kazi yake. Badala yake aliuliza swali la mpelelezi: watoto hawa hutoka wapi? Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waliona kuwa ugonjwa huo hupenda nchi za joto zenye mvua, na huikimbia miinuko mirefu yenye baridi. Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kuwa wameona virusi katika chembe za uvimbe huo. Hivyo ndivyo binadamu alivyopata kujua virusi vya kwanza vinavyohusiana na saratani ya watu, kwa sababu mtu mmoja alikataa kuridhika na jina.

Virusi hivyo hivyo vina uhusiano na saratani nyingine, ile ya nyuma ya pua, ambayo ni nyingi zaidi kusini mwa Uchina lakini huonekana pia Afrika ya Mashariki. Ugonjwa huo ni mwalimu mkubwa wa hoja ya mtoki. Mtu huja na tezi ngumu nyuma ya taya, isiyouma. Puani hana kilio. Ukimwuliza vizuri ndipo hukumbuka kuwa sikio lake moja limeziba tangu Ramadhani, na kwamba kamasi yake ya asubuhi ina uzi wa damu. Hali kadhalika mfuko wa maji ubavuni mwa shingo: kwa kijana aghalabu ni masalio ya kabla ya kuzaliwa, bali kwa mtu aliyepita miaka arubaini haifai kuamini hivyo mpaka findo na shina la ulimi vimechunguzwa, kwani saratani ya huko hujificha nyuma ya sura hiyo.

Nikiwa nyanda za juu nilijifunza swali jingine, nalo ni swali la chungu cha mchuzi. Rovu za watu wa milimani hazikuwa siri kubwa kwa sayansi. Mvua za maelfu ya miaka zimeosha madini joto katika udongo wa miinuko, na tezi inayokosa madini hayo hujipanua kama mfanyabiashara aongezaye maduka mapato yanapopungua. Katika miaka ya 1990 Tanzania iliagiza kuwa chumvi ya kuliwa itiwe madini joto, na mimi nimeishi kuona tofauti baina ya shingo za mabibi na shingo za wajukuu wao. Walakini hata hapo swali halikwisha. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, upande wa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 waliona kuwa rovu ni nyingi kaskazini kuliko kusini magharibi, ilhali madini joto yalikuwa haba kote. Walipotazama chakula waliona muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini sumu inayoizuia tezi kupokea hata kile kidogo kilichopo. Msomaji, zingatia: ukweli huo haukupatikana shingoni, ulipatikana jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Alikuja kwetu pwani mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi wa bandarini. Shingoni alikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa la embe, umeshikamana na nyama za ndani, hausogei. Sauti yake ilikuwa mnong'ono. Nilimwamkia, nikamwuliza habari zake tangu mwanzo. Alinijibu, "Mwanangu, huu mwezi wa kumi na moja tangu nipwelewe na sauti. Nilikwenda nikasema hivyo. Nikapewa dawa ya koo." Aliniletea cheti chake, kimekunjwa mara nyingi hata kikachakaa. Palikuwa pameandikwa mara tatu, kwa tarehe tatu mbalimbali: anaumwa koo. Mzee yule hakusema hata siku moja kuwa koo lamwuma. Alisema amepwelewa na sauti. Aliyempokea alikuwa kijana ambaye hakulijua neno hilo, naye akaandika neno lililokuwa karibu.

Matabibu wana kanuni kwamba sauti iliyopotea kwa zaidi ya majuma matatu ni lazima chanzo chake kitazamwe kwa macho. Wala chombo cha kutazamia si kigeni. Mwaka 1854 Manuel García, ambaye hakuwa tabibu bali mwalimu wa kuimba, alitumia kijioo cha meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata habari yake ikasomwa katika Royal Society ya London. Kijioo kama hicho, au kamera nyembamba ya siku hizi, kingaliuona uvimbe wa mzee yule ungali mdogo kama punje ya mtama, na saratani ya nyuzi za sauti ikiwahiwa ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi. Tulipouona sisi ulikuwa umejaza koromeo. Tulimtoboa koo apate pumzi, na pumzi akapata. Lakini mnong'ono nao ukakoma. Siku zake zilizosalia alizungumza kwa vidole na kwa macho, na baada ya miezi minne akafariki. Sizungumzi haya ili kumlaani kijana yule, kwa kuwa alifundishwa ugonjwa kwa lugha moja na kuwasikiliza wagonjwa kwa lugha nyingine, na hapana aliyemjengea daraja baina ya mbili hizo. Lakini najua hesabu yake: neno moja lilipotea, na miezi kumi na mmoja ikapotea pamoja nalo.

Mwisho, shingo iliniuliza mimi mwenyewe. Asubuhi moja, nikifunga kifungo cha kola, kidole changu kiligusa tezi juu ya mtulinga wa kushoto. Mahali hapo panajulikana na kila mwanafunzi wa utabibu, kwani tangu mwaka 1848, zama za Rudolf Virchow, imejulikana kuwa tezi ya hapo hupokea barua za saratani ya tumbo. Nilikuwa nimekonda kidogo, na usiku nilikuwa nikilowa jasho. Nilimwambia mke wangu siku ile ile, maana nimeona mengi yanayothibitisha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzangu mmoja alinichoma sindano nyembamba, akapeleka majimaji yake kwa mtaalamu wa hadubini. Nilingoja siku tisa. Katika siku hizo niliyajua yale ambayo wagonjwa wangu walikuwa wameyajua siku zote: kwamba mtu anayengoja jina la ugonjwa wake haishi katika mwili, anaishi katika neno ambalo halijatamkwa. Nilikuwa nikiamka usiku na kuigusa tezi ile kana kwamba vidole vingeweza kusoma. Niliandika wosia mfupi. Nililipa deni la seremala. Siku ya tisa mwenzangu alipiga simu akasema, "Kifua kikuu cha tezi." Nadhani hapana mtu aliyewahi kuifurahia habari ya kifua kikuu kama nilivyoifurahia mimi. Nilimeza dawa miezi sita, nikapona.

Ugonjwa ule ulikuwa na historia ya ajabu huko Ulaya. Uingereza waliuita ugonjwa wa mfalme, na waliamini kuwa mfalme akimgusa mwenye tezi za shingo atapona. Mwaka 1712 mtoto Samuel Johnson, ambaye baadaye alitunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza, aliguswa na Malkia Anne, akavishwa na sarafu ya dhahabu. Hakupona kwa mguso huo, na alibaki na makovu maisha yake yote. Mpaka Robert Koch alipouonyesha mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, hapana mfalme wala mwanachuoni aliyekuwa na jina la kweli la tezi zile. Nauona mkono wa Malkia na kisu cha mkata kimeo kuwa ni ndugu. Vyote viwili vilitaka kuponya kabla ya kujua. Lakini namwona pia mtunga kamusi yule na makovu yake, nami huwaza kwamba haikosi maana kuwa mtu aliyebeba shingoni ugonjwa uliokosa jina la kweli alitumia umri wake kuyapima maneno kwa uangalifu.

Basi neno langu kwa wanazuoni ni hili. Kazi ya kamusi si pambo la maktaba. Neno kupwelewa, neno mtoki, neno umio, neno kongomeo, ni vyombo vya uchunguzi kama kijioo na sindano, tena ni vyombo vya kwanza, kwani mgonjwa hufika navyo kabla ya kufunguliwa mlango. Mtu asemapo ana donge kooni, je, ni donge la huzuni ambalo hupungua alapo chakula, au ni donge linalokizuia kwanza chakula kigumu, kisha uji, kisha maji? La kwanza lataka faraja, la pili ni dalili ya umio ulioziba na halingoji. Tofauti ya mambo hayo mawili imo katika sentensi moja ya Kiswahili iliyosikilizwa mpaka mwisho. Anayefundisha vijana wetu utabibu awafundishe na sentensi hizo. Anayekusanya maneno ya mikoani ayapeleke pia vyumba vya hospitali, si katika majarida peke yake.

Na neno langu kwa wanafunzi wa utabibu ni fupi zaidi. Haraka mnayoisifiwa katika mitihani haitawafaa mbele ya uvimbe msioujua. Ulizeni siku zake, mahali pake, mwendo wake. Ulizeni chakula, kazi na nchi ya mgonjwa. Mkiona tezi, tafuteni mguu wenye mwiba. Mkilijua jina, litamkeni kwa lugha ambayo mgonjwa anaweza kwenda nayo nyumbani. Mkiwa hamlijui bado, semeni kuwa hamlijui bado, kisha endeleeni kulitafuta. Mgonjwa huweza kustahimili kungoja pamoja na mtu anayetafuta. Asichoweza kukistahimili ni kupewa jina lisilo lake, akalibeba shingoni mpaka kaburini.